Sura ya Tisa: Mgongo wa Hariri

Ukumbi wa Parokia ya Mtakatifu Veronika, Mlandege, ulikuwa na ile baridi ya mwezi wa sita ambayo watu wa Iringa hujifanya hawaisikii. Inspekta Tusekile aliisikia, na hakujifanya. Alifunga vifungo vya koti, akavuta meza ndefu hadi dirishani penye jua, akatandika shuka jeupe, kisha akamwamuru Sajenti Masumbuko alaze kielelezo juu yake.

Kielelezo chenyewe kilikuwa picha ya Bikira iliyodariziwa kwa nyuzi za hariri, kubwa kiasi cha mlango wa kabati. Ilikuwa na shela ya buluu, uso wa rangi ya asali, vilima vya kijani kwa nyuma, na chini yake maneno ya dhahabu: SALAMU MARIA. Wazee wengi wa parokia hiyo waliikuta ukutani wakiwa watoto. Mwaka huu fremu ilianza kuliwa na mchwa na pindo zikaoza, ikapelekwa Mbeya kwa fundi Joyness wa mtaa wa Soweto, ambaye sifa zake za kudarizi zimevuka Makambako. Iliporudi na kutundikwa, Bibi Evarista, anayefagia kanisa na kupanga maua, aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Sio yenyewe." Neno hilo halikuhitaji nauli kufika mjini. Kabla ya Jumapili kila mtu alikuwa anajua kwamba fundi wa Mbeya amebaki na picha ya kweli na kuwarudishia nakala.

Joyness alikuwa ameketi kwenye benchi pembeni, mikono mapajani. Alikuwa nje kwa dhamana, lakini dhamana haikumsaidia dukani: wateja walikuwa wamekuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao, wakisema tu kwamba wana haraka navyo. Wakili wa serikali alitaka jalada mezani kwake kabla ofisi haijafungwa jioni hiyo. Likifika lilivyo, Joyness angepelekwa mahakamani kwa wizi, na hakuna mtu anayempa hariri yake mwizi. Tusekile alilijua hilo, na lilimuuma. Alijua pia kwamba yeye mwenyewe ni mzaliwa wa Tukuyu, mkoa huohuo wa Mbeya, na Mlandege nzima ilikuwa ikisubiri kuona kama atambeba mwenzake wa Mbeya.

"Tuanze," alisema.

Mwalimu Damari alisogea mezani. Alikuwa mwanamke mwembamba, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na alikuwa amefundisha kudarizi katika chuo cha ufundi hadi wanafunzi wake wakawa na wanafunzi. Alikuwa Mlutheri. Alipoombwa kuja kuikagua picha ya Wakatoliki alijibu kwamba haji kusali, anakuja kutazama nyuzi.

"Nani alichomoa uzi huu?" aliuliza, akinyanyua bahasha ndogo ya vielelezo.

"Mimi, mwalimu," Masumbuko alisema. Alikuwa kijana mnene wa Kilolo, mwenye bidii kuliko subira. "Nilichomoa pale pembeni, nikauchoma na kibiriti. Ukayeyuka kama mfuko wa plastiki, ukaacha kidonge. Halili haiyeyuki."

"Hariri," alisema mwanamume aliyesimama karibu na mlango. Huyo alikuwa Liberatus, katibu wa parokia na mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ambaye ndiye aliyeipeleka picha Mbeya na ndiye aliyeirudisha.

"Ndiyo, halili," Masumbuko alikubali.

Mwalimu Damari aliweka bahasha chini. "Umetoa uzi wa pindo. Fundi alisema nini kuhusu pindo?"

"Kwamba zilikuwa zimeoza, akaweka mpya kwa uzi wa kawaida wa dukani," Tusekile alijibu. "Alilisema hilo siku ya kwanza."

"Basi sajenti amechoma kola, akasema shati lote ni feki." Masumbuko alitazama viatu vyake. Mwalimu alimgeukia Tusekile. "Nataka uzi wa ndani. Nifungulie bitana."

Nyuma ya picha palikuwa pamefunikwa na kitambaa cha bitana kilichoshonwa kuizunguka yote. Tusekile alipiga picha za mishono, akamwita Liberatus ashuhudie kwa niaba ya parokia.

"Kuna ulazima wa kufungua nyuma?" Liberatus aliuliza. "Waumini wanaitazama mbele."

"Waumini, ndiyo," alisema Mwalimu Damari, naye alikuwa ameshaanza kufumua kona ya juu. Alipopata nafasi ya kupitisha vidole viwili alisimama, akavuta ncha ya uzi wa kijani iliyobaki nyuma ya vilima, akaikata kwa mkasi mdogo. Aliisogeza kwenye moto wa kibiriti. Uzi ulijikunja, ukatoa harufu ya nywele zilizoungua, na ulipozimika ukasagika katikati ya vidole vyake kama majivu ya karatasi.

"Hariri," alisema. "Hilo lisibishaniwe tena."

"Lakini hariri hata yeye anayo," Liberatus alisema kwa upole. "Inspekta aliikuta dukani kwake."

Ilikuwa kweli. Kule Soweto walikuwa wamekuta vitita vya hariri vya kila rangi. Tena, ndani ya droo, walikuta kitu kilichozidi kumkaba Joyness: nyuzi chache fupi za dhahabu iliyofifia, zimekunjwa kwenye kipande cha nailoni. Tusekile alizitoa sasa, akamsogezea mwalimu, ambaye alizitazama kwa kioo cha kukuzia.

"Ni hariri ya zamani. Imekaa kwenye mshono miaka mingi, ona inavyokumbuka mikunjo yake. Na rangi ni ya maandishi haya."

"Dada Joyness," Tusekile aliuliza, "hizi zilitoka wapi?"

Joyness alimtazama Liberatus, kisha akatazama sakafu. "Nimeshasema, afande. Nilisafisha, nikaimarisha pindo, nikaweka bitana."

"Sikuuliza hilo."

"Najua hukuuliza hilo."

 Tusekile aliyaacha maneno yakae. Mtu anayeficha mali huwa na hadithi tayari, hata mbovu; huyu hakuwa nayo kabisa.

"Mwalimu," alisema, "umeutazama uzi. Sasa nitazamie mkono. Kama hii ni nakala, je, huyu ana uwezo wa kuitengeneza?"

Mwalimu Damari alitoa kwenye mkoba wake fremu ya duara, kitambaa kilichovutwa vizuri na kitita cha hariri ya kijani. Alimwomba Joyness ashone jani moja, kama majani ya vilima vile. Joyness alinawa mikono kwenye ndoo nje, akaikausha, akakaa karibu na dirisha. Aliufumua uzi mmoja hadi ukawa nyuzi nyembamba sana, akachukua mmoja tu, akaanza.  Kwa muda ule mwanamke aliyekuwa ameinama kwenye benchi alikuwa ameondoka, na mahali pake palikuwa na mtu anayejua anachofanya.

Alipomaliza, Mwalimu Damari alilipeleka jani kwenye jua. Alilitazama ukingoni kama uzi umetoka nje ya mstari, akaligusa kuona kama limevutwa mno, akaligeuza nyuma, kisha akamwita Tusekile.

"Tazama hapa. Nikiliinua hivi nusu ya jani inang'aa. Nikiligeuza, inafifia na nusu nyingine inawaka. Hakubadili rangi hata kidogo, amebadili tu njia ya mshono, na hariri yenyewe ikafanya kazi ya kivuli. Wengi wanashona, inspekta. Wanaolijua hili ni wachache."

"Kwa hiyo ana uwezo."

"Anao." Mwalimu alilisema kama mtu anayetoa alama za juu na kusikitika papo hapo. "Ningependa kusema hana."

Liberatus alishusha pumzi. Tusekile alimgeukia Joyness.

"Ulijua kwa nini unashoneshwa?"

"Nilijua."

"Ungeshona vibaya, kesi yangu ingekufa hapahapa."

"Mbele ya Mwalimu Damari?" Joyness alitikisa kichwa. "Waniite mwizi, sawa. Ila wasije kusema sijui kushona."

Tusekile hakuandika jibu hilo, lakini ndilo lililombadilishia mwelekeo. Mwizi angeharibu jani lile kwa makusudi, tena kwa furaha. Alimtazama katibu.

"Wewe uliiona kabla na baada. Kwenye maelezo yako umesema kila kitu kinafanana isipokuwa uso. Maandishi je?"

"Maandishi ni yaleyale. Salamu Maria."

"Una hakika."

"Inspekta, nimefundisha kusoma nusu ya mji huu."

Mlango ulisukumwa. Bibi Evarista aliingia na blanketi mabegani, amenawiri kidogo usoni kwa mwendo wa mlimani. Masumbuko aliinuka kumwachia kiti.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mwanangu." Hakumtazama Joyness. Alifungua pindo la kanga, akatoa picha ndogo ya karatasi ngumu. Tusekile alikuwa amewaomba waumini picha yoyote ya zamani iliyopigwa kanisani. "Siku ya ndoa yangu. Na Malia yuko nyuma yetu pale."

Ilikuwa picha isiyo na rangi, bibi harusi mdogo mwenye macho makali na bwana harusi aliyeazima suti. Nyuma yao picha ya darizi ilionekana nzima. Tusekile aliisogeza chini ya kioo cha kukuzia, akakaa nayo. Kisha akamwita sajenti wake.

"Soma maandishi hapa."

Masumbuko aliinama. "Salamu Malia."

"Sasa soma ya mezani."

"Salamu Malia."

"Soma tena, polepole."

"Afande, ni kitu kilekile. Salamu Malia, na hii, Salamu Malia."

Tusekile aliilaza picha ya harusi kifudifudi, akaweka kiganja juu yake. Hakucheka, ingawa alitamani. Hata kwao Tukuyu bibi yake alisali hivyohivyo. Watu wote wa parokia walikuwa wameapa kwamba maandishi hayajabadilika, na hakuna aliyesema uongo. Waliyasoma kwa masikio.

"Maandishi ya zamani na ya sasa hayafanani," alisema.

"Basi imethibitika," Liberatus alisema haraka. "Mwigaji ameshindwa kujizuia, akaandika kwa R. Ni nakala."

Jua lilikuwa limefika katikati ya meza. Mwalimu Damari alivua miwani.

"Katibu," Tusekile alisema, "sijataja herufi. Sajenti ameyasoma yote mawili sawasawa mbele yako. Na picha hii wewe hujaisogelea tangu ilipofika."

"Nimeiona miaka yote ile ya zamani. Nakumbuka ilikuwa na L."

"Dakika chache tu zilizopita ulisema ni yaleyale, na una hakika."

Liberatus alirudi nyuma hadi mlangoni. Tusekile hakumsukuma. Alivuta kiti, akakaa uso kwa uso na Bibi Evarista, magoti yakikaribia kugusana.

"Bibi, wewe uliiona hiyo R siku ileile. Ndiyo maana ulisema sio yenyewe. Mbona hukutuambia ni nini kilichobadilika?"

Bibi alikunja kanga, akaikunjua. "Ningesemaje?"

"Ungesema tu ilivyo."

"Ni mimi niliyeishona." Aliisema kwa sauti ndogo, akitazama dirishani. "Sista Gabriela alishona Malia mwenyewe, na vilima. Sisi wasichana tulikuwa tunamtungia uzi. Mwishoni akanipa mimi maandishi. Nikashona kama nilivyosikia nyumbani. Yeye Mtaliano, Kiswahili hajui sana, akaona sawa. Nilipokuja kusoma vizuri nikajua nimekosea. Miaka yote watu wanapita pale, na mimi naomba asitokee wa kuniuliza. Sasa nije polisi niseme, kosa langu limeibiwa? Katibu yuko hapo, mwalimu wa Kiswahili. Angenicheka."

Hakuna aliyemcheka. Masumbuko alikuwa amevua kofia bila kujua.

"Bibi, nisikilize vizuri," Tusekile alisema. "Nyuma ya maandishi hakujafunguliwa. Mimi sijaona, mwalimu hajaona. Wewe mara ya mwisho uliona nyuma lini?"

"Siku sista alipofunika."

"Kuna kitu chochote huko nyuma unachokikumbuka?"

Bibi Evarista alitazama mikono yake. "Fundo. Sista hakutaka mafundo, alisema uzi unafichwa ncha, haufungwi. Mimi herufi ya kwanza niliogopa itafumuka, nikafunga fundo kubwa, hapo kwenye S. Alinikalipia, akanigonga vidole na rula. Lakini hakulifungua."

Tusekile alimwashiria Mwalimu Damari. Bitana ilifumuliwa upande wa chini, taratibu, Masumbuko akirekodi kwa simu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao wote waliinama.

Nyuma ya vilima na shela kulikuwa safi, ncha zote zimefichwa. Na pale kwenye herufi ya kwanza, kubwa kama punje ya mahindi, kulikuwa na fundo.

"Mtoto aliachiwa sindano," Mwalimu Damari alinong'ona. Hakuwa akikosoa.

Alipata kazi yake sasa, na aliifanya kwa utulivu. Aliwaonesha shela: kwa mbele buluu iliyochoka, kwa nyuma buluu iliyokoza kama imetoka kuchovywa. "Mtu akitaka kuzeesha kitambaa anakichovya kwenye chai, kinazeeka pande zote. Jua halichovyi. Jua linapiga upande mmoja tu, na linachukua miaka." Kisha akashuka kwenye herufi. Zote dhahabu yake ilikuwa imefifia mbele na kuwaka nyuma, isipokuwa moja. Ile R nguzo yake ilikuwa ya zamani kama wenzake. Tumbo na mguu wake viliwaka pande zote mbili. Na kando ya nguzo, chini, matundu madogo ya sindano yalipita yakiwa matupu, mahali ambapo zamani mguu wa L ulilala.

"Picha ni yenyewe," mwalimu alisema. "Kilichobadilishwa ni herufi moja. Imefumuliwa na fundi mzuri sana, na imeshonwa na fundi mzuri sana."

Tusekile aliichukua ile nailoni yenye nyuzi fupi, akailaza kando ya matundu. Urefu ulilingana.

"Sasa, dada Joyness."

Joyness alipumua kama mtu anayetua mzigo wa kuni. "Ninachokifumua sikitupi, afande. Ni cha mwenyewe. Katibu aliniambia ni kosa la maandishi, askofu anakuja kwenye jubilei, nirekebishe na libaki letu wawili. Nikaona kweli ni kosa. Lilipolipuka nikasubiri aseme yeye. Kila siku nikasema leo atasema. Ningesema mimi, ni nani angemwamini mtuhumiwa dhidi ya katibu wa parokia? Na fundi anayegeuza kazi ya watu bila wao kujua, je, ana tofauti gani na mwizi?"

Wote walimgeukia Liberatus. Alikuwa ameegemea mlango, na uzee ulikuwa umemjia kwa ghafla.

"Nilidhani ni jambo dogo," alisema. "Herufi moja. Nilidhani kelele zitaisha. Baadaye ilikuwa aibu kusema, nikasingizia uso."

"Ungemwacha aende jela kwa aibu yako."

 Tusekile alihisi hasira, akaiacha ipite, kwa sababu kazi ilikuwa bado. "Utaandika maelezo mapya mbele ya sajenti, ukweli wote. Parokia itayasikia kutoka kwako, Jumapili, kabla hayajatoka kwangu. Kuhusu kudanganya polisi, wakili wa serikali ataamua."

"Nitaandika." Alitazama meza. "Lakini R ndiyo sahihi, inspekta. Hilo tu."

Bibi Evarista aliinuka. Alikuwa mfupi, na ilimbidi ainue kidevu kumtazama katibu.

"Mama yangu alimwita Malia mpaka anakata roho, mwalimu. Na aliitikiwa."

Kisha akamwendea Joyness. Walitazamana, fundi na mfagizi wa kanisa aliyemtupia neno moja na kumfungia duka. Bibi alimshika mikono yote miwili, akaigeuza, akaitazama vidole kama Mwalimu Damari alivyolitazama jani.

"Mwanangu, nisamehe. Nilijua kitu kimepotea, sikujua nimemwumiza nani."

"Nyuzi zako zipo, bibi. Zikitoka kwa afande, ninazirudisha mahali pake."

"Macho yangu hayaoni tena tundu la sindano."

"Mimi nitatunga. Wewe utashona."

"Na fundo lile lisiguswe," Mwalimu Damari alisema, akikusanya vitu vyake.

Masumbuko alikuwa ameshaketi na jalada magotini. Aliandika mistari kadhaa, akasimama, kalamu ikibaki hewani.

"Afande, hapa pa jina la picha, niandikeje?"

Tusekile alifunga kifungo cha juu cha koti lake na kutazama saa. Ofisi ya wakili ilikuwa bado wazi.

"Andika unavyosoma, sajenti."